Walitazama Mawe, Bwana Alimtazama Mjane

Jumapili ya 33 ya Mwaka C (2 The 3:7-12, Lk 21:5-19)



Injili ya Jumapili ya leo yaanza kwa jambo ambalo kila aliyewahi kusafiri kwenda mji mkubwa analifahamu. Watu wamesimama mbele ya Hekalu la Yerusalemu wameinua macho yao juu, nao wanaonyeshana mawe mazuri na sadaka za wakfu zilizolipamba. Tusiwacheke. Herode alikuwa ameanza kulijenga upya Hekalu hilo yapata miaka 20 kabla ya kuzaliwa Kristo, na kazi ikaendelea kwa miongo mingi. Mawe yake yalimshangaza hata mzaliwa wa mji, sembuse mvuvi wa Galilaya aliyezoea nyavu za kuanika. Katikati ya mshangao huo Bwana wetu anasema neno zito: siku zaja ambazo halitasalia jiwe juu ya jiwe. Na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 70 majeshi ya Kirumi yaliuteka mji, Hekalu likateketea, wala halikujengwa tena hata leo.

Lakini, ndugu zangu, neno hilo tusilisome peke yake. Tukirudi nyuma kidogo, katika mistari minne ya kwanza ya sura hiyo hiyo, Mtakatifu Luka anatuonyesha Bwana wetu akiwa mahali pale pale, naye pia anatazama. Anatazama nini? Anamtazama mjane maskini anayetia sarafu mbili ndogo katika sanduku la sadaka. Hakuna mwingine aliyemwona. Nyumba ni ile ile. Wengine waliyaona mawe, Yesu alimwona mtu. Katika tofauti hiyo ndimo yamo mafundisho yetu ya leo.

Katika parokia, shule na seminari zetu ni desturi njema kuwapeleka vijana mijini kwa michezo. Timu ya mpira wa miguu, timu ya mpira wa pete, wakimbiaji, wote hufunga safari kwenda kushindana na wenzao. Na baina ya mchezo na mchezo hubaki siku moja au nusu siku ya mapumziko. Siku hiyo tuitumieje? Wako wanaokula, wanalala na kusubiri filimbi, kisha wanarudi nyumbani pasipo kujua walikuwa wapi. Wako na wale wanaozunguka mji mzima mbio mbio, simu mkononi, wakipiga picha mbele ya kila mlango na kila mnara. Wanarudi na picha mia mbili, na ukiwauliza jengo lile lilikuwa la nani hawana la kujibu. Wa kwanza hawakutazama kitu. Wa pili wameyatazama mawe. Sisi tunaulizwa kama tunaweza kutazama jinsi Bwana alivyotazama.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Wakati wa likizo moja ya shule tuliongozana na vijana wa parokia kutoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, ambako timu yetu ilialikwa kwa michezo ya kirafiki. Boti ya mwendo wa kasi huchukua kama saa mbili tu. Ratiba ilikuwa na michezo mitatu na siku moja ya mapumziko katikati. Mwalimu wa timu alitaka siku hiyo vijana walale, kwa kuwa miguu ikichoka kombe huondoka. Wazee wa parokia waliosafiri nasi wakamjibu kwamba miguu ya kijana hupona kwa usiku mmoja, ila nafasi ya kuuona Mji Mkongwe yaweza isirudi. Hatimaye wakapatana: tutatembea asubuhi kabla jua halijawa kali, na baada ya chakula cha mchana kila mtu kitandani.

Tulitafuta mwongoza wageni, naye alikuwa mzee wa Kiislamu, mwenye kanzu nyeupe na sauti ya upole. Vijana wakamwamkia, akawaitikia marahaba kwa kila mmoja kama babu na wajukuu zake. Akatupeleka kwanza Forodhani, mbele ya bahari, na akatuonyesha Ngome Kongwe, ambayo Waomani waliijenga baada ya kuwatoa Wareno, mahali palipokuwa na kanisa dogo la Wareno hao. Kanisa likawa ngome. Ngome kwa wakati wake ikawa gereza. Leo watu huingia humo kusikiliza muziki na kununua vinyago.

Jirani yake limesimama Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Lilikuwa fahari ya pwani yote, lenye umeme na lifti katika zama ambazo miji mingi ya bara hili ilikuwa haijaiona hata taa moja ya umeme. Mwaka 1896 mizinga ya manowari za Waingereza ilibomoa majumba ya jirani kwa vita isiyomaliza saa moja, lakini Jumba la Maajabu likasalia. Na bado, tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Noeli, wakati mafundi wakilikarabati, sehemu yake kubwa ikaanguka, na watu wakapoteza maisha. Mwaka 2000 Mji Mkongwe wote ulikuwa umekwisha kuandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini orodha haishiki ukuta. Jiwe la matumbawe na chokaa huchoka, boriti huliwa na mchwa, mvua haijui kwamba hapa palikaa sultani. Ukisimama mahali hapo, Injili ya leo huhitaji maelezo machache mno.

Tukapita katika vichochoro, tukiitazama milango ya kuchongwa yenye misumari ya shaba. Kijana mmoja akaigusa akauliza bei yake. Mzee wetu akacheka, akasema: "Mwanangu, wewe uliza kwanza mikono iliyoichonga." Ilipoadhiniwa adhuhuri aliomba ruhusa akaingia msikitini, nasi tukakaa barazani tukimngoja, na vijana wakanyamaza bila kuambiwa. Heshima ya namna hiyo ni sehemu ya safari. Tukiingia katika mji wa wenzetu, tunaingia katika nyumba yao ya sala.

Tukasali kidogo katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo wenyeji huliita Minara Miwili, lililojengwa mwishoni mwa karne ya 19. Kutoka kisiwa hiki, ambako wamisionari Wakatoliki walifika mwaka 1860, ndiko walikovuka mwaka 1868 kwenda Bagamoyo kuanzisha misheni na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Wakristo wa kwanza wa misheni ile, wapendwa, hawakuwa machifu wala matajiri. Wengi wao walikuwa watoto walionunuliwa sokoni ili wawe huru. Kanisa letu katika nchi hii lilianza na watoto waliokuwa na bei.

Kisha tukafika Mkunazini. Hapo palikuwa soko la watumwa, lililofungwa mwezi Juni 1873 kwa mkataba alioukubali Sultani Barghash chini ya shinikizo la Waingereza. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Zanzibar hadi mwaka 1897. Ndugu zetu Waanglikana walinunua uwanja ule, na Askofu Edward Steere, bingwa wa lugha yetu ya Kiswahili, akajenga kanisa juu yake. Kadiri inavyosimuliwa, altare iliwekwa mahali uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Askofu Steere alifariki mwaka 1882, naye amezikwa nyuma ya altare hiyo. Waongoza wageni hupenda kuonyesha nguzo zilizosimamishwa kichwa chini na mafundi wakati Askofu akiwa safarini, na wageni hucheka. Nje ya kanisa, ndani ya shimo lililojengewa kuta, zimesimama sanamu za watu watano, zilizowekwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Shingoni mwao mna minyororo. Hapo hakuna anayecheka.

Vijana wetu walisimama kuzunguka shimo lile. Mmoja alikuwa ameinua simu apige picha, akaishusha. Ndipo mlinda mlango wetu, kijana wa miaka 17, akamwuliza mzee: "Babu, hawa waliitwa nani?" Mzee akajibu: "Hayakuandikwa. Yaliyoandikwa ni hesabu na bei."

Ndugu msikilizaji, tunaomba uyatulize masikio yako katika jibu hilo. Jina la sultani aliyejenga jumba twalijua, na mwaka twaujua. Jina la askofu twalijua. Jina la aliyebeba jiwe begani, la mama aliyevushwa kwa jahazi kutoka Kilwa, la mtoto aliyetoka Ziwa Nyasa kwa miguu na shingo yake ikiwa katika kongwa, hatulijui. Hekalu la Yerusalemu lilikuwa vivyo hivyo: Herode anatajwa, wachonga mawe hawatajwi. Hata mjane wa Injili hatuambiwi jina lake. Lakini yuko Mmoja aliyemwona, na kuonwa na Yeye ni zaidi ya kuandikwa katika daftari lolote la dunia. Hii ndiyo imani yetu: mbele ya Mungu hakuna mtu aliyekuwa hesabu na bei. Wote waliopita Mkunazini anawajua kwa majina yao, yale waliyoitwa na mama zao.

Hapa inatupasa kusema neno la hadhari. Wako watu wanaotoka mahali kama pale na jiwe mkononi, wakitafuta wa kumpiga. Mmoja ataka kuwapiga Waarabu, mwingine Waislamu, mwingine Wazungu. Ukweli ni mpana kuliko chuki zetu. Wenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba walinunua watu. Wafaransa, Wakristo waliobatizwa, walinunua watu kwa mashamba yao ya miwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Watawala wetu wenyewe wa bara waliwauza jirani zao, na wengine wakawauza ndugu zao. Pembe za ndovu zilizobebwa na wapagazi na watumwa zilikwenda Ulaya na Marekani, zikawa vitufe vya piano na mipira ya biliadi. Watu wema, waendao kanisani, walicheza jioni bila kujiuliza mpira ule ulifikaje mezani. Ndiyo maana Papa Yohane Paulo wa Pili, alipozuru kisiwa cha Gorée nchini Senegal tarehe 22 Februari 1992, mahali pa historia inayofanana na hiyo, hakwenda kama mtalii. Alikwenda kuomba msamaha kwa ajili ya dhambi za Wakristo. Huko ndiko kutazama kwa macho ya Bwana: kuanza na dhambi ya nyumbani kwako.

Sasa tusikie yaliyofuata. Jioni ile, wenzake wakijiandaa kulala, yule mlinda mlango alikuja kwetu akasema: "Padri, nina jambo." Akaeleza kwamba kwa muda wa miezi miwili mtu mmoja amekuwa akimpigia simu, akimwahidi majaribio katika klabu ya ng'ambo. Ada ilikuwa imekwisha kulipwa nusu. Mama yake aliuza mashine yake ya kushonea. Alitakiwa kumkabidhi mtu huyo hati yake ya kusafiria na cheti cha kuzaliwa, ambacho kingebadilishwa umri. Na aliagizwa asimwambie mtu, kwa kuwa wivu huharibu bahati. Kijana akasema maneno haya: "Leo pale shimoni nimejiona. Mimi nina bei, lakini jina langu linataka kubadilishwa."

Tuliporudi nyumbani wazazi waliitwa, wakaketi na viongozi wa parokia. Yule mtu alipotakiwa aje ajieleze mbele ya wazazi, simu yake haikupatikana tena. Mashine ya kushonea haijarudi. Kijana yupo, na hati yake ipo mikononi mwake.

Wazazi wapendwa, jueni jambo hili. Kanuni za Shirikisho la Soka la Kimataifa, FIFA, haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa masharti machache yaliyoandikwa. Sheria ya nchi yetu ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu ya mwaka 2008 ipo. Basi anayekuja kwa siri, anayetaka fedha kwanza, anayetaka kushika hati za mtoto na kubadili umri wake, hata akija na jezi nzuri na maneno matamu, huyo ni mfanyabiashara wa Mkunazini aliyevaa nguo mpya. Ndivyo ilivyo pia kwa binti anayeahidiwa kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba, kisha akifika ananyang'anywa hati na simu. Wako wanaofanya kazi huko kwa haki na kulipwa; tofauti ipo katika mkataba, katika hati, na katika uhuru wa kurudi nyumbani. Ulizeni. Msione haya kuuliza. Baba Mtakatifu Fransisko alitutaka tangu mwaka 2015 kusali na kutafakari juu ya biashara hii kila tarehe 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Yosefina Bakhita. Huyu ni binti wa Sudan aliyeibwa akiwa mtoto na kuuzwa mara kadhaa, mpaka akasahau jina alilopewa na wazazi wake. Bakhita ni jina alilopewa na waliomteka, nalo lina maana ya mwenye bahati. Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 2000, kwa jina hilo hilo waliloliona mzaha.

Lakini tusimtafute mfanyabiashara huyo mbali tu. Somo la pili la leo latufikia hadi jikoni. Mtume Paulo anawakumbusha Wathesalonike kwamba hakula chakula cha mtu yeyote bure, bali alifanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu. Mara nyingi neno hilo twalitumia kuwakaripia wavivu. Tuligeuze upande wa pili. Ni nani alaye chakula cha bure? Ni yule anayekula jasho la mwingine asimlipe. Msichana wa kazi anaamka kabla ya jogoo, analala wa mwisho. Mwezi ukiisha anaambiwa fedha yake anawekewa, na mwaka unapita. Humwita nani nyumbani kwako? Je, watoto wako wanalijua jina lake, au ni "dada" tu, asiye na jina, asiye na kwao? Tunaweza kusimama Mkunazini tukalia machozi ya kweli, kisha tukarudi nyumbani na kumkuta mtumwa wetu akitufungulia lango.

Basi kwa ninyi vijana, na walimu mnaoandaa safari za michezo, tunashauri mambo machache. Kabla ya safari, someni habari za mji mnaokwenda, hata kurasa mbili tu. Mkifika, wasalimuni wenyeji na kuheshimu mavazi na sala zao. Mbele ya kila jengo kubwa ulizeni maswali mawili: nani aliamuru lijengwe, na nani alibeba mawe? Na kabla ya kuondoka, mtazameni mtu mmoja ambaye hakuna aliyemtazama: mfagiaji wa uwanja, mpishi wa hosteli, mchukuzi wa bandarini. Mwulizeni jina lake, mkamshukuru kwalo. Uwanja wa Amaan, uliofunguliwa mwaka 1970 na kukarabatiwa upya mwaka 2023, vijana wetu waliusifu kuliko majumba yote ya masultani. Hatuwalaumu, ni vijana. Lakini uwanja nao ni mawe. Mtume Paulo, aliyewaandikia Wakorintho, majirani wa michezo mashuhuri ya Isthmo, alijua vema kwamba taji la mshindi lilikuwa la majani, nayo majani hunyauka. Taji tunalolikimbilia sisi halinyauki, na njia yake hupita kwa mtu aliye mdogo.

Ndugu wapendwa, Bwana wetu hakulidharau Hekalu. Alilipenda, alifundisha ndani yake, aliwahi kuulilia mji wake. Nasi tusiyadharau majengo ya kale: tuyatunze, tuyatembelee, tuwafundishe watoto wetu. Ila tujue kwamba siku ya mwisho hatutaulizwa ni mawe mangapi tuliyoyaona. Tutaulizwa juu ya mwenye njaa, mgeni na mfungwa, kama tulimwona au tulimpita. Wiki hii kila mmoja wetu atafute jina moja ambalo alipaswa kulijua na hakulijua. Na aliye na mshahara wa mtu mkononi mwake, aulipe kabla ya Jumapili ijayo.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyewajua kwa majina wote waliouzwa katika ardhi yetu na baharini kwetu, uwapokee katika pumziko lako. Uwalinde watoto wetu wanaposafiri, uwaokoe na mikono ya wadanganyifu, na utupe sisi macho ya Mwanao, aliyemwona mjane pale ambapo wengine waliyaona mawe. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Na baraka ya Mungu Mwenyezi, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, iwashukie na kukaa nanyi daima. Tumsifu Yesu Kristo.